Saa Nne ya Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa mgomvi, na anayesema alikuwa mgomvi basi hakuwahi kumpelekea nguo. Angekwambia taratibu kwamba kitambaa chako hakitoshi, angekuonyesha kwa tepu, na ukizidi kubisha angekurudishia kitambaa chako na kukutakia siku njema. Jina lenyewe alilipata hivyo hivyo. Hakuwa anatoa nguo kibandani kwake mpaka pindo limelala sawasawa, hata iwe sare ya shule ambayo kesho yake itaburuzwa vumbini. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi tu.

Na karatasi ndizo zilizomtesa, msione ni cherehani.

Aliingia kambini na mumewe wakiwa na nguo walizovaa. Wakapewa hema, wakaambiwa ni kwa muda. Hema likachakaa, wakajenga kwa matofali ya udongo, wakaambiwa wasijenge sana, ni kwa muda. Bati likala kutu, likabadilishwa, bado ikawa kwa muda. Binti yao akazaliwa, akaota meno, akaanza shule, akaimaliza. Huo muda, jamani, ulifika miaka ishirini na miwili, na Mama Pindo aliyefika kijana wa miaka ishirini na mitano sasa alikuwa anatungia uzi kwa miwani.

Mwaka huo likatoka tangazo. Serikali ya nchi ile ilikuwa imekubali kwamba aliyekaa zaidi ya miaka ishirini, na faili lake halina doa, atapewa kibali cha ukaazi wa kudumu. Si kupelekwa ng'ambo, wala si kurudishwa kwao, ambako nyumba yao ilishapata wenyewe wengine. Ni kubaki hapa hapa kwa haki, ufanye kazi utakako, utoke getini bila kuomba karatasi ya ruhusa. Zoezi lenyewe ni la miezi mitatu, halafu linafungwa. Binti alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi mjini, na chuo kilitaka kibali. Faili la mama ndilo faili la mtoto. Mama akikosa, binti angebaki kibandani akishona vifungo, na msichana yule hakupenda hata kuiona sindano ya cherehani. Sindano alizozitaka yeye ni zile nyingine.

Majina yakabandikwa ukutani. Binti akapenya kwenye umati, akakaa huko kitambo, akarudi uso umemshuka.

"Tumo, mama," akasema. "Lakini tumo kwenye karatasi ya pili."

"Karatasi ya pili wameandika nini?"

"Maelezo hayalingani."

Mama Pindo aliyajua maneno hayo. Hii ilikuwa mara ya nne kukutana nayo. Mara mbili za mwanzo mumewe alikuwa bado hai, na maneno yale yalimla yule mtu mzima mzima. Alikuwa anakaa kwenye kigoda akiyapitia maelezo aliyotoa siku walipofika, moja baada ya jingine. Labda nilikosea jina la mtaa. Labda nilisema tulikuwa watatu kumbe nilipaswa kuwataja na majirani. "Ni mimi niliyewaharibia, mke wangu," alikuwa akisema. "Kuna mahali nimeteleza, sipakumbuki." Mwaka wa tisa kambini kifua kikamzidi akafariki, na hadi siku zake za mwisho alikuwa anamwomba mkewe msamaha kwa kosa ambalo hakulijua ni lipi. Mama Pindo alimsamehe kila alipoombwa, maana angefanyaje. Lakini moyoni lilimkaa.

Kilichomkata maini zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe. Walitoka mlango mmoja siku moja, wakapotezana njiani, na wifi akafika kambini mwezi mmoja baadaye. Wifi faili lake likapita bila tabu, na siku hizi anaishi mjini na karatasi zake zote mkononi. Sasa niambie, watu watatu wamekimbia pamoja, mmoja anasadikiwa na wawili wanaitwa waongo. Kuna akili hapo?

Basi safari hii Mama Pindo akajifunga kibwebwe. Alifunika cherehani kwa shuka, akachukua nguo za kushona kwa mkono, akaenda ofisini.

Ofisi ilikuwa jengo refu la mabati lenye madirisha ya wavu. Ndani mna meza tano, kabati za chuma zilizobandikwa namba, na benchi moja la kusubiria ambalo mguu wake mmoja umeegeshwa kwa tofali. Afisa wa mafaili alikuwa mwanamke kijana, hata miezi sita hakuwa ametimiza pale, bado ana adabu ya kuwaangalia watu usoni.

"Mwanangu," Mama Pindo akamwambia, "nimeitwa mwongo mara nne. Sikatai, huenda nimedanganya. Nataka tu kuambiwa nilidanganya nini."

"Mama, faili halisomwi na mwenyewe. Utaitwa."

"Nitaitwa lini?"

"Utaitwa tu."

"Basi nitasubiri hapa hapa, ili mkiniita nisikie."

Akakaa. Akatoa sketi, akaanza kupinda. Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili mlinzi akamwambia benchi si kibanda chake cha ushonaji, naye akamwonyesha mlinzi kwamba kola ya shati lake imefumuka, akamshonea akiwa amelivaa, na mlinzi hakutia neno tena. Siku ya tatu afisa akawa anampitia kwa kuinama kidogo, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hakuna jipya. Siku ya nne afisa alikuja na kijitabu cha kanuni, kidole kimebana ukurasa.

"Hapa pamesema mtu anaweza kuomba asomewe maelezo yake, kama ataomba kwa maandishi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyewahi kuomba. Mimi mwenyewe sikujua."

Jioni hiyo hiyo binti akaandika barua. Jumanne ya wiki iliyofuata, ikiwa zimebaki siku tatu zoezi kufungwa, Mama Pindo akaketi mbele ya meza, binti kando yake, na faili la rangi ya kahawia likafunguliwa.

Maelezo yalikuwa yameandikwa kwa lugha ya ofisi. Afisa akawa anayasoma na kuyageuza Kiswahili papo hapo. Jina, sawa. Mtaa, sawa. Mume, fundi viatu, sawa. Mama Pindo alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jambo, mikono ameikunja mapajani, na mpaka hapo hakuona kosa lolote. Akaanza kuogopa kwamba atasomewa mpaka mwisho na kosa asilione.

"Siku ya tukio," afisa akasoma, "ilipofika saa kumi alfajiri nilikuwa dukani kwangu hapo nyumbani, nashona."

"Rudia."

"Saa kumi alfajiri nilikuwa dukani kwangu hapo nyumbani, nashona. Mteja alikuwa amekuja kuchukua gauni."

"Saa kumi alfajiri," Mama Pindo akasema. "Mwanangu, mimi fundi au popo? Nani anachukua gauni saa kumi alfajiri?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Na ndicho walichokiwekea alama nyekundu pembeni. Wameandika: duka gani hufunguliwa saa hizo? Halafu wameandika kwamba wifi yako alisema mlitoka asubuhi kumeshapambazuka kabisa, na mumeo naye amesema saa kumi alfajiri kama wewe. Wakaona nyinyi wawili mmepangana uongo."

"Imeandikwaje hapo? Usinigeuzie. Nisomee namba."

Afisa akainama. "Nne. Nne, halafu alama ya kabla ya adhuhuri."

"Nne," akasema Mama Pindo. "Nilisema saa nne. Saa nne asubuhi, jua limeshawaka, duka liko wazi."

Afisa alihesabu kwa vidole kama mtoto, nne, tano, sita, akafika kumi, akaangalia ile namba, akahesabu tena. Yeye mwenyewe kila siku alikuwa anapokea barua zilizoandikwa tisa na kuwaambia watu waje saa tatu. Hesabu hiyo watu wote pale waliifanya bila kufikiri. Mtu mmoja, siku moja, aliisahau: alisikia nne, akaandika nne. Kwa saa za ofisi nne hiyo ni alfajiri.

Binti alianza kulia. Mama Pindo hakulia, alikuwa na hasira mno.

"Nakuamini," afisa akasema. "Lakini sina ruhusa ya kuifuta kwa mkono wangu. Ni ama jopo likae, na jopo huchukua miezi minane, au aliyetafsiri aje aandike kwamba alikosea. Akiandika yeye nalipitisha siku hiyo hiyo. Zoezi linafungwa Ijumaa."

"Alitafsiri nani?"

Afisa akageuza ukurasa wa mwisho. "Jina halipo. Pana sahihi, na chini yake: mkalimani namba saba."

Mama Pindo akafumba macho. Namba saba kambi nzima ilimjua. Ndiyo namba aliyopewa kwenye beji yake ya kwanza, ikamganda, na mpaka leo watu walimwita Mwalimu Saba. Alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alikuwa rafiki wa mumewe. Alimfundisha binti kusoma, aliwaandikia watu barua, na mtu akitaka jambo lake lisikike ofisini alimtanguliza yeye. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza pale ukutani, kibali chake kimeshatoka.

Alimkuta barazani kwake, anasoma, miguu ameinyoosha juu ya kigoda.

"Karibu, shemeji," akasema Mwalimu Saba. "Unaonekana una habari."

"Ninayo. Nimesomewa faili langu." Akamweleza yote, wima, hakukubali kiti.

Mwalimu Saba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga kitabu kwa kishindo. "Yaani baada ya miaka yote hii nimewatafsiria watu, leo naambiwa sijui kusoma saa. Mimi niliyekuwa nafundisha watoto, ongeza sita, toa sita. Shemeji, umenikosea heshima."

"Sikuja kukuvunjia heshima. Nimekuja kukuomba uandike mistari miwili."

"Huenda wewe ndiye uliyesema vibaya. Mlikuwa mmechoka, mmetoka njiani."

Hapo Mama Pindo akavuta kiti, akakaa, akamkazia macho. "Mume wangu alisema hivyo hivyo. Kwamba yeye ndiye aliyesema vibaya. Aliyasema hayo miaka, wewe ukiwa umekaa naye hapo hapo barazani kwangu. Alikufa anajiona ameponza familia yake. Sasa niambie ukweli, shemeji, na ukinidanganya nitajua. Ulikuwa hujui?"

Mwalimu Saba aligeuza uso, akaangalia ukuta.

"Walikuwa wanakuja watu themanini kwa siku," akasema. "Mimi na wenzangu wachache. Mtu anasema nne, mkono unaandika nne. Darasani nilijua, lakini sikuwahi kuishi na watu wa saa zile. Wiki ya tatu mkubwa wa ofisi akaniambia kwa lugha yake njoo saa mbili. Nikaja saa mbili asubuhi. Nimevaa tai. Nikasimama mlangoni mpaka saa nane mchana ndipo akatokea, akanicheka mpaka akashika tumbo. Siku hiyo ndipo niliposhtuka. Tangu siku hiyo sijakosea hata moja."

"Wifi yangu alikuja baada ya hapo."

"Alikuja baada ya hapo."

"Na zile za nyuma?"

"Nilisema moyoni, saa tu hizi, nani ataangalia saa. Nilikuwa na kazi, shemeji. Wote tulikuwa tunaitafuta kazi ile. Baadaye yale maneno ya hayalingani yalipoanza kutoka, nikaona wanaoyapata ni wa wiki zile zile. Nikanyamaza. Kila mwaka ikawa vigumu zaidi kusema."

Mama Pindo alitamani kumpiga. Nasema kweli, mkono ulimwasha, na kama angempiga nani angemlaumu? Badala yake akainuka, akajifunga khanga upya kiunoni.

"Kesho saa tatu nitakuwa ofisini," akasema. "Na wewe utakuwepo."

"Wataniondoa kwenye orodha. Wataninyang'anya kibali."

"Hata mimi simo kwenye orodha, na wala sijafa. Utajifunza."

Jumatano ikafika saa tatu, ikafika saa nne, na Mwalimu Saba hakuonekana. Binti akasema turudi nyumbani mama, huyo haji. Mama Pindo akasema yeye hatoki. Hakuwa amekuja na nguo ya kushona siku hiyo, alikaa tu, mikono mitupu, anautazama mlango. Afisa akampitia mara mbili bila kumwambia neno. Saa tano kasoro akaingia Mwalimu Saba, shati limepigwa pasi, hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja mezani.

"Naomba karatasi ya kurekebisha tafsiri," akamwambia afisa. "Mimi ndimi namba saba. Na moja haitoshi, nipe nyingi."

"Nyingi ngapi, mwalimu?"

"Sijui. Wiki tatu za kwanza. Labda mia nne, labda zaidi. Kila palipoandikwa saa."

Afisa akaweka kalamu chini. Wale wa meza nyingine wakageuka. Afisa akamwelekea Mama Pindo, si mwalimu.

"Mama, nikueleze usije ukasema sikukuambia. Likiwa lako peke yake, nalimaliza leo. Yakiwa mia nne, lazima niyapeleke kwa mkubwa wangu, na akisema yaende kwa pamoja, na lako litaenda nayo. Sijui kama yatarudi kabla ya Ijumaa."

Binti akamshika mama yake mkono. Mama Pindo aliufikiria mkono ule, na chuo, na mwaka mwingine wa vifungo. Aliwafikiria vilevile waliosimama naye foleni wiki ile, maana aliwajua, nusu yao alikuwa amewashonea.

"Andika langu kwanza," akasema. "Mimi si malaika. Likishapigwa muhuri, chukua hayo mengine uyapeleke. Na huyu asitoke hapa mpaka amalize hata la mwisho. Nitamlinda mimi."

Mlinzi mlangoni akakohoa kuficha kicheko. Mwalimu Saba akaketi, akavaa miwani, akaandika. Mimi namba saba nilikosea saa. Mwenye maelezo haya alisema saa nne asubuhi, yaani kumi kwa saa za ofisi. Hakukosea yeye, nilikosea mimi. Akatia sahihi ile ile ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Afisa akagonga muhuri, na binti akaichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akatoka nayo nje kuisomea kwenye mwanga.

"Hili litafika juu, mwalimu," afisa akamwambia. "Sijui watakufanya nini."

"Najua," akasema, akavuta karatasi ya pili.

Mama Pindo hakuinuka. "Sasa la mume wangu," akasema.

Afisa akamtazama kwa huruma. "Mama, la marehemu lilishafungwa. Marehemu hapewi kibali."

"Sijamwombea kibali."

"Basi halina kazi tena. Tutayafanya kwanza ya walio hai, wamesubiri sana."

"Na yeye alisubiri," akasema Mama Pindo. "Mle ndani mmeandika kwamba alidanganya. Bado mmeandika hivyo, hivi tunavyoongea. Kabati lipo hapo nyuma yako, mwanangu. Litoe faili lake."

Afisa akainuka. Ilimchukua kitambo kulipata, lilikuwa kwenye droo ya chini kabisa pamoja na mengine yaliyofungwa kwa kamba. Akalifungua, akamwekea mwalimu mbele. Mwalimu Saba alipoona sahihi ya rafiki yake, aliweka kalamu chini, akafuta macho kwa kiganja, akaichukua tena, akaandika taratibu, na hakuruka neno hata moja. Afisa akagonga muhuri akataka kulifunga.

"Nisomee kwanza," akasema Mama Pindo. "Kwa sauti. Watu wasikie."

Afisa akasimama na lile faili mikononi.

"Mwenye maelezo haya alisema walitoka nyumbani saa nne asubuhi," akasoma. "Hakukosea yeye."

"Ndivyo alivyosema," akasema Mama Pindo. "Haya, mwalimu, chukua linalofuata."